Kalamu, Kumbukumbu na Imani: Maandishi ya Kikristo ya Pwani kutoka Rabai hadi Kwale

Utangulizi

Kombani ni njia panda. Hapo ndipo barabara itokayo kivuko cha Likoni kuelekea Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga inapoachana na ile ipandayo kwenda mji wa Kwale. Apitaye hapo huiona bayana hali ya kidini ya pwani ya kusini: misikiti na madrasa za Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, na kando yake makanisa ambayo waumini wake aghalabu wana asili ya bara au ya jamii nyinginezo za Wamijikenda. Katika makanisa hayo, kama kwingineko Afrika Mashariki, mwumini mwenye daftari la kunukuu mahubiri, aya za kusoma na maombi yaliyojibiwa huhesabiwa kuwa mwumini makini. Dhana iliyomo katika desturi hiyo ni nyepesi: aandikaye hasahau, na asiyesahau hukua.

Dhana hiyo ina mizizi mirefu. Nabii Habakuki aliagizwa kuyaandika maono katika vibao. Agostino, mwishoni mwa karne ya nne, aligeuza maisha yake kuwa maandishi ya kukiri, na kitabu cha kumi cha maandishi hayo akakitumia kuchunguza kumbukumbu yenyewe. Hata hivyo, upinzani wake nao ni mkongwe. Katika mjadala wa Plato uitwao Phaedrus, Sokrate asimulia habari za mfalme wa Misri aliyekataa zawadi ya herufi kwa hoja kwamba zitaleta usahaulifu, kwa kuwa watu watategemea alama za nje badala ya kukumbuka kwa nafsi zao.

Makala haya yanachunguza jinsi mvutano huo ulivyojitokeza katika historia ya maandishi ya Kikristo ya pwani ya Kenya na Zanzibar tangu mwaka 1844. Hoja inayotetewa ni kwamba kule kuandika pekee hakukutosha kuilea imani. Yaliyoamua ni mambo matatu: nani aliishika kalamu, kumbukumbu iliyoandikwa ilikuwa ya nani, na baada ya kuandikwa ilimrudia nani. Maandishi yalijenga pale yalipomrudia mwenye kumbukumbu. Yasipomrudia, yaliwajenga wengine.

Kumbukumbu kabla ya daftari la kanisa

Itakuwa kosa kudhani kwamba wamisionari waliikuta pwani isiyo na hifadhi ya kumbukumbu. Miongoni mwa Wamijikenda, kumbukumbu ilikaa mahali kabla ya kukaa katika maneno. Msitu wa kaya, lango lake, makaburi ya wazee na fingo lililozikwa humo vilikuwa ndiyo matini, na wazee wa kaya wakawa wasomaji wake. Misitu hiyo, ikiwemo Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini thamani yake kwa wenyewe haikungoja orodha.

Fauka ya hayo, Uislamu ulipoenea miongoni mwa Wadigo, hasa tangu karne ya 19, ulifika na maandishi. Mwanafunzi wa chuoni aliandika aya juu ya ubao, akazikariri mpaka zikakaa kifuani, kisha ubao ukaoshwa ili kupokea aya nyingine. Maandishi hapa yalikuwa ngazi. Lengo lilikuwa kuhifadhi, na mahali pa kuhifadhi palikuwa moyo wa msomaji. Mfano ulio wazi zaidi ni kombe: aya huandikwa kwa zafarani katika sahani, huoshwa kwa maji, na mgonjwa huyanywa maji hayo. Maandishi hutoweka machoni ili yaingie mwilini.

Mombasa nako, hati za Kiarabu zilikwisha kutumika kuuhifadhi ushairi wa Kiswahili. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, zilikumbukwa na kukusanywa na Mwalimu Sikujua, naye akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzipata na kuzifahamu. Mchango huo ndio uliowezesha diwani ya Muyaka kuchapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Kwa hiyo daftari la Kikristo liliingia katika ukanda uliokwisha kuandika, na uliokuwa na falsafa yake kuhusu maandishi: kwamba yanatimia pale yanapoingia ndani ya mtu. Kipimo hicho kinafaa kutumika kuyahukumu maandishi yaliyofuata.

Kalamu ya mgeni, kumbukumbu ya mwenyeji

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844 kwa niaba ya Church Missionary Society. Mwezi Juni mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi uliofuata mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa bara ya kaskazini, ng'ambo ya kisiwa. Krapf aliendelea kuandika. Shajara na barua zake za miaka hiyo zilikuwa hesabu ya nafsi, ripoti kwa waliomtuma, na hazina ya msamiati kwa wakati mmoja.

Jambo moja aliloamua lilikuwa na athari za kudumu. Krapf alichagua herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu zilizokuwa zikitumika, akihofia kwamba hati ya Kiarabu ingewafungulia mlango waenezaji wa Uislamu. Uamuzi huo ulitenga elimu mbili. Mtu aliyeweza kuandika barua, hesabu na utenzi kwa hati aliyorithi aliingia katika shule ya misheni akiwa kama asiyejua kusoma. Kumbukumbu ya Kikristo ya pwani ilianza basi kwa kujitenga na kumbukumbu iliyokuwa imeandikwa tayari, ijapokuwa tafsiri yake ya kwanza ilipitia mikononi mwa kadhi.

Mwaka 1846 Krapf na Johannes Rebmann walihamia Rabai. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, inaonyesha namna walivyofanya kazi. Si orodha kavu ya maneno. Chini ya vidahizo vingi mna desturi, mazungumzo, dawa, mizimu na mabishano. Mhakiki anaweza kuisoma kama shajara iliyopangwa kialfabeti. Sauti zilizomo ni za wenyeji waliojibu maswali. Mkono ulioziandika ni mmoja.

Uhusiano huo ulijitokeza kwa uchungu zaidi katika kazi ya Rebmann. Miaka ya 1850, alijifunza Kiniassa kutoka kwa Salimini, mtu aliyechukuliwa utumwani kutoka pande za Ziwa Nyasa na kufikishwa pwani. Salimini hakuwa na kitabu wala jamaa wa kusema nao lugha yake kila siku. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu: majina ya mimea, ya vyombo, ya jamaa, ya mambo ya nyumbani. Alilitoa neno baada ya neno, na Rebmann akaandika. Kamusi ya Kiniassa ilichapishwa mwaka 1877 kwa uhariri wa Krapf, mwaka mmoja baada ya Rebmann kufariki. Jina lililotajwa kama la mtunzi lilikuwa la Rebmann. Wamisionari waliokwenda Nyasa walifaidika. Salimini mwenyewe anabaki katika historia kama mtoa habari.

Haifai kumhukumu Rebmann kwa wepesi. Aliishi Rabai kwa miaka 29, akaandika mpaka macho yakafifia. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu kabisa, naye Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja aliyebatizwa Abraham, ndiye aliyemwongoza mpaka Ulaya. Mtu aliyeyaweka maneno ya wengine katika karatasi alimaliza safari akitegemea macho ya mwana wa Rabai. Uhusiano huo wa kuongozana haukuandikwa katika kamusi, bali ulikuwa sehemu ya ukuaji wa imani kwa pande zote mbili.

Shajara mbili za safari moja

Mwezi Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai kwenda Buganda kwa njia ya Umasai. Aliandamana na William Jones, aliyekuwa ametekwa utumwani utotoni, akalelewa na kusomeshwa Nasik nchini India, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1864, na kupewa daraja ya ushemasi mwaka huohuo wa safari. Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara huko Kwa Sundu, yaani Mumias ya sasa, akatangulia na watu wachache. Alikamatwa Busoga, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Wakati wa kifungo chake Hannington aliandika kila siku katika shajara ndogo ya mfukoni: homa, hofu, zaburi alizozisoma, matumaini yaliyopanda na kushuka. Shajara hiyo iliokolewa, ikafika pwani na hatimaye Uingereza, na shajara zake za mwisho zikachapishwa mwaka 1888. Tangu hapo zikaingia katika utanzu wa fasihi ya ibada, zikisomwa na watu ambao hawakupata kuiona Rabai.

Jones naye aliandika habari za safari hiyo. Mzigo wake ulikuwa wa namna nyingine: kungoja bila habari, kupokea uvumi, kusikia ushahidi wa wachache walionusurika, na kuwarudisha wapagazi pwani. Aliporudi Rabai mapema mwaka 1886, msafara uliingia na bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno Ikabodi, ambalo katika kitabu cha kwanza cha Samweli lina maana kwamba utukufu umeondoka. Waliosimama kuupokea msafara walilisoma tanzia lao katika kitambaa kabla ya kuambiwa lolote.

Tofauti ya hatima ya maandishi haya mawili ina mafunzo. Shajara ya askofu ikawa kitabu. Masimulizi ya shemasi yakawa malighafi ya wasifu ulioandikwa na wengine. Thamani ya yaliyomo haitoshi kuieleza tofauti hiyo. Inaelezwa zaidi na njia ambayo karatasi zilipitia. Zote mbili zilikwenda Uingereza, lakini moja tu ndiyo iliyosomwa kama sauti ya nafsi. Yamkini andiko lililofanya kazi kubwa zaidi Rabai kwenyewe ni lile la neno moja katika bendera, kwa sababu liliandikwa kwa ajili ya wale waliofiwa na likasomwa na wao.

Kiungani na Frere Town: watumwa walioandika

Katika miaka hiyohiyo, Zanzibar, wavulana waliokombolewa kutoka utumwani walikuwa wakisoma Kiungani katika shule ya Universities' Mission to Central Africa. Walitoka Uyao, Umakua, Unyasa na kwingineko. Waliombwa waandike habari zao: kwao kulikuwaje, walitekwaje, waliuzwa mara ngapi, walifikaje baharini. Waliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao waliipata pamoja na utumwa wenyewe. A. C. Madan alizitafsiri, na mwaka 1887 zikatoka katika kitabu kilichobeba jina la Kiungani.

Hapa kalamu imeshikwa na mwenye kumbukumbu, na hiyo ni hatua kubwa kutoka kwa Salimini. Kuandika kwa kijana aliyevunjwa na biashara ya utumwa kulikuwa ni kuyapanga upya maisha yake: kuna kabla, kuna njia, kuna baada. Mfuatano huo unafanana na ule wa ushuhuda wa Kikristo, na haukosi kuonekana kwamba shule iliwafunza kuona hivyo. Hata hivyo kitabu kilitoka kwa Kiingereza, kwa ajili ya wafadhili na marafiki wa misheni. Maneno ya Kiswahili ambayo vijana wale walitafuta kwa taabu hayakuwarudia wao wala wadogo zao katika umbo la kitabu.

Karibu nusu karne ilipita kabla ya kumbukumbu ya namna hiyo kurudi. Mwaka 1934 Sheldon Press ya London ilichapisha *Uhuru wa Watumwa* cha James Juma Mbotela. Mbotela alikuwa mwana wa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na Church Missionary Society bara ya kaskazini ya Mombasa mnamo mwaka 1875. Babake alitekwa pande za Nyasa, akatolewa katika jahazi na manowari ya Waingereza. Mwana aliyachukua masimulizi ya baba na ya wazee wa makazi yale, akayaandika kwa Kiswahili, na kitabu kikasomwa shuleni Afrika Mashariki kwa miaka mingi.

Wahakiki wamebishana kama kitabu hicho ni historia au ni mojawapo ya riwaya za mwanzo za Kiswahili. Mabishano hayo yana msingi, kwa sababu mhusika mkuu wa Mbotela si mtu mmoja. Ni kundi: kijiji kilichovamiwa, mateka waliofungwa pamoja, jahazi lililojaa, na hatimaye jamii iliyoamshwa na kengele ya misheni. Umbo hilo si udhaifu wa mtunzi asiyejua kujenga wahusika. Ni umbo la kumbukumbu ya watu waliopoteza koo zao na kuundwa upya kuwa ukoo mmoja wa kanisa. Kwa watoto wa Frere Town, kukisoma kitabu kile kulikuwa ni kuipata nasaba ambayo hawakuwa nayo.

Lakini kitabu kina gharama yake, na wahakiki wa baada ya uhuru hawakusita kuitaja. Shukrani kwa Waingereza imetawala masimulizi kiasi cha kufunika maswali: nani walinunua pembe na karafuu zilizoendesha utumwa, na uhuru ulikuwa wa namna gani katika makazi yaliyosimamiwa kwa kengele na adhabu. Lawama imewekwa zaidi juu ya Waarabu. Kumbukumbu iliyoandikwa hivyo, ikisomwa katika ukanda kama Kwale ambako Mkristo na Mwislamu wanatumia kisima kimoja, yaweza kuijenga jamii moja kwa kuiumiza jirani yake. Ukuaji wa imani katika hali hiyo haudai kukitupa kitabu. Unadai kukisoma tena, kuona kilichokumbukwa na kilichonyamaziwa, na kukubali kwamba hata kumbukumbu ya mtu aliyeonewa huhitaji uhakiki.

Hapa inafaa kumtaja Mathias Mnyampala wa Ugogo, ambaye katika miaka ya 1960 alitoa tenzi zilizoieleza Injili na Zaburi. Mnyampala alifanya jambo ambalo Krapf aliliogopa: alichukua bahari ya ushairi iliyolelewa na Waislamu wa pwani akaitumia kwa imani yake. Utenzi, kwa vina na mizani yake, huandikwa ili ushikwe kichwani na kusomwa kwa sauti. Kwa hiyo ulirejesha katika maandishi ya Kikristo ile kanuni ya ubao wa chuoni, kwamba mwisho wa maandishi ni moyo wa msomaji.

Kidigo katika karatasi

Historia hii inarudi Kwale kwa njia ya lugha. Wadigo walitajwa na Krapf miongoni mwa waliokuwa wakiitwa Wanika, lakini Kidigo kilikaa muda mrefu pembeni mwa kazi za tafsiri zilizofanywa Rabai na Giriama. Shirika la Bible Translation and Literacy, lililoanzishwa Kenya mwaka 1981, ndilo lililosimamia kazi ya kukiandika Kidigo, na mwaka 2004 likatoa kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo *Mgombato*. Jina lenyewe linadai maelezo. Kwa Mdigo, kugomba ni kusema. Kwa Mswahili ni kuteta. Lugha mbili zilizo jirani zimehifadhi katika neno moja kumbukumbu mbili.

Waandishi waliotajwa katika kamusi hiyo ni wanne: Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu. Tangu kamusi ya Rebmann ya mwaka 1877 ilikuwa imepita miaka 127. Kwa mara hii majina ya wenye lugha yamewekwa sambamba na majina ya wageni. Tofauti hiyo ndogo ya ukurasa wa kwanza ni badiliko kubwa la kihistoria, kwa kuwa mtoa habari amekuwa mtunzi.

Tena kamusi hiyo, ijapokuwa imetokana na shirika la kutafsiri Biblia, ni mali ya wasemaji ambao wengi wao ni Waislamu. Mwalimu wa Kwale anayetafuta maana ya methali ya nyanya yake, awe wa dini ipi, ataitumia. Pale ambapo Krapf alitumia herufi kutenga, herufi zilezile za Kirumi sasa zinatumika na wote. Huu ni mfano wa kumbukumbu iliyorudi kwa wenyewe na kuwafaa hata wasioshiriki imani ya walioihifadhi.

Daftari la mwumini wa Kombani, hata hivyo, aghalabu huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Jambo hili si la kulaumiwa, kwa kuwa kusanyiko lenyewe ni la makabila mengi. Lakini lugha ya daftari huamua linaloweza kukumbukwa. Mambo ya rohoni yanayosemwa kwa Kidigo, Kiduruma au Kikamba nyumbani, wakati wa msiba au wa kuombea mgonjwa, hayaingii humo. Kilichoandikwa kwa wingi ni maneno ya mhubiri; yasiyoandikwa ni ya muumini mwenyewe. Kwa kipimo cha makala haya, daftari la namna hiyo bado ni la Salimini kinyume chake: mwenyeji ameshika kalamu, lakini kumbukumbu anayoiandika ni ya mwingine.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maandishi ya Kikristo ya pwani yalipitia hatua kadhaa: mgeni kuandika kumbukumbu ya mwenyeji, mwenyeji kuandika kwa ajili ya msomaji wa mbali, na hatimaye mwenyeji kuandika kwa ajili ya watu wake. Hatua hizo hazikufuatana kwa unyoofu, na kila moja ilikuwa na faida na hasara zake. *Uhuru wa Watumwa* kiliwapa watu nasaba na papo hapo kikawafungia baadhi ya maswali. Shajara ya Hannington iliwajenga maelfu ya wasomaji, ilhali habari za Jones zilibaki katika kivuli chake.

Athari ya mpangilio huo ingalipo. Mtafiti anayetaka kujua walivyoishi Wakristo wa kwanza wa Rabai hana budi kuzipitia karatasi za Church Missionary Society zilizohifadhiwa Birmingham, Uingereza. Mjukuu wa Mrabai husafiri mbali, au hungoja mwingine asafiri, ili kuisoma habari ya babu yake. Makanisa ya Kwale ni machanga zaidi, na wengi wa walioyaanzisha walitoka mbali na kwao. Wazee hao wakifariki kabla ya kuandika walivyofika, walivyopokewa na majirani Waislamu, waliloshindwa na walilojifunza, kizazi kifuatacho kitarithi muhtasari wa mahubiri pekee.

Kwa hiyo nasaha ya kuandika ili kukua ni nasaha njema iliyo pungufu. Inatimia mwumini anapoandika pia yaliyompata yeye na watu wake, kwa lugha iliyoyabeba, na yaliyoandikwa yanaposomwa tena mbele ya wale yanayowahusu, wapate nafasi ya kuyathibitisha au kuyasahihisha. Madrasa ya jirani, kwa ubao wake ulioandikwa na kuoshwa, imekuwa ikiifundisha kanuni hiyo muda wote.